Angelica Kauffman: maswali yanayorudi kila mara

Nimekusanya hapa maswali ambayo watu hawaachi kuniuliza kuhusu huyu mama, maana nikijibu leo, wiki ijayo linarudi lile lile. Soma kwa kuruka ruka ukitaka, jibu likiwa limeshatolewa juu nitakuelekeza, sitalirudia.

## Ya mwanzo kabisa

Angelica Kauffman ni nani?

Ni mchoraji wa karne ya 18 wa mtindo unaoitwa neoklasiki, kazaliwa tarehe 30 Oktoba 1741 mji wa Chur, kafariki Roma tarehe 5 Novemba 1807. Karibu maisha yake yote ya kazi kayamalizia kwenye nchi za watu: London miaka 15 kuanzia 1766, halafu Roma kama miaka 25 mpaka kifo. Alichora potreti (picha za sura za watu) za matajiri, waandishi na familia za wafalme, na juu ya hapo akachora ile michoro mikubwa ya visa vya Wagiriki na Warumi wa kale, ambayo enzi zile ndo ilihesabiwa kilele cha uchoraji na wengi waliamini mwanamke haiwezi. Mwaka 1768 jina lake likawa kwenye orodha ya waanzilishi wa Akademi ya Kifalme ya Sanaa ya London, wanawake wakiwa wawili tu, yeye na Mary Moser aliyekuwa mchoraji wa maua.

Sasa ni Mswisi, Mwaustria, Mwingereza au Mwitaliano?

Kila nchi inamvuta kwake. Chur leo iko Uswisi, ila wakati anazaliwa eneo lile la Graubünden lilikuwa mshirika tu wa Waswisi, kujiunga rasmi ni 1803. Baba yake, Johann Joseph Kauffmann, naye mchoraji, alitoka kijiji cha Schwarzenberg kule Vorarlberg, Austria ya leo, na Angelica mwenyewe alikihesabu kile kijiji kuwa ndo kwao ingawa aliishi pale kwa vipindi tu. Kalelewa Italia, kapata jina Uingereza, kazikwa Roma. Mimi ukiniuliza nasema kwao ni Schwarzenberg, kwasababu mtu kwao ni pale anapopakumbuka akishazeeka, na kwenye swali la mwisho utaona alipeleka nini kule.

Jina linaandikwa kwa n moja au mbili?

Yote sawa. Wajerumani na Waaustria huandika Angelika Kauffmann, yeye kwenye picha zake mara nyingi alisaini Angelica Kauffman, n moja. Ukitafuta picha zake mtandaoni jaribu yote mawili, utakosa nyingi ukishikilia moja.

Hiyo "neoklasiki" ndo nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni mtindo ulioshika Ulaya kuanzia katikati ya karne ya 18. Kabla yake mtindo uliokuwa unapendwa ni wa mapambo mengi, mawingu, malaika wanene, rangi za peremende. Halafu watu wakaanza kufukua miji iliyofunikwa na volkano ya Vesuvius, Herculaneum kuanzia 1738 na Pompeii kuanzia 1748, vikatoka vyombo, sanamu na michoro ya ukutani ya Warumi, ikawa kama dunia ya kale imefunguliwa mlango. Mjerumani mmoja, Johann Joachim Winckelmann, akaandika kwamba ukuu wa Wagiriki ulikuwa kwenye utulivu na usahili, na wachoraji wakamsikiliza: mistari safi, nguo zinazoanguka kama kwenye sanamu za marumaru, watu wachache, kisa kimoja, na ndani yake kuna funzo la tabia.

Angelica hakuyasoma haya kwa mbali. Mwaka 1764 akiwa Roma, umri miaka 22, alimchora Winckelmann mwenyewe ameshika kalamu mbele ya kitabu, na ile picha iko Zürich mpaka leo. Yaani alikaa chumba kimoja na mtu aliyekuwa anauanzisha huo mtindo, na mtu huyo akawaandikia marafiki zake kumsifu.

## Utoto na shule

Alisomea wapi uchoraji?

Kwa baba yake. Shule za uchoraji hazikuwa zinapokea wasichana, kwahiyo mwanamke aliyefika mbali enzi zile mara nyingi utakuta mzazi wake alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mzee Kauffmann hakuwa mchoraji mkubwa, alikuwa anahama na familia kufuata oda, leo kanisa hili kesho potreti ya padre yule, Morbegno, Como, Milan, na mtoto yuko pembeni anachanganya rangi. Mama yake, Cleophea, akamtilia mkazo lugha. Kijerumani, Kiitaliano, Kifaransa, Kiingereza, vyote alivizungumza, na mimi naamini hizo lugha 4 zilimlisha kama brashi ilivyomlisha, maana mchoraji wa potreti anakaa na mteja masaa na mteja anataka kuongea.

Mama alifariki 1757. Baba na binti wakarudi Schwarzenberg ambako kanisa la kijiji lilikuwa linajengwa upya baada ya moto, na huyu binti wa miaka 16 hivi akachora mitume 12 ukutani. Bado wapo.

Ni kweli alikuwa anataka kuwa mwimbaji?

Ndiyo, alikuwa na sauti nzuri na alipiga ala, na katika picha yake ya kwanza ya kujichora, ya 1753, ameshika karatasi ya nota za muziki, sio brashi. Masimulizi ya maisha yake yanasema padre mmoja ndo aliyemshauri abaki na uchoraji, kwamba jukwaa la opera lingemharibia maisha.

Hili jambo hakulisahau. Alipofika miaka ya hamsini, akiwa Roma, alilichora mara mbili, moja iko Moscow na nyingine ya 1794 iko Nostell, Uingereza, na hiyo ya Nostell ndo naomba uitazame kwa utulivu. Upana wake unazidi mita 2. Katikati yuko yeye mwenyewe kijana, gauni jeupe. Kushoto Muziki amekaa, nguo nyekundu, nota mapajani, amemshika mkono. Kulia Uchoraji, nguo ya bluu, ana kibao cha rangi mkono mmoja na mwingine ananyoosha kuonyesha hekalu mbali kabisa juu ya mlima, kwamba njia ni ile. Sasa angalia mikono ya Angelica. Mmoja umefunguka kuelekea kwenye kibao cha rangi, ameshaamua, lakini ule mwingine bado uko ndani ya mkono wa Muziki na wala hauvuti. Na uso kaugeuzia Muziki. Miaka zaidi ya 30 imepita na mtu bado anaaga. Kila nikiiona hii picha nakaa kimya kidogo.

## Miaka ya London

Alifikaje London?

Alichukuliwa. Akiwa Italia wateja wake wengi walikuwa Waingereza, vijana wa matajiri waliokuja kuzunguka kuona magofu na kurudi na picha zao. Huko Naples 1764 akamchora David Garrick, mwigizaji mkubwa kuliko wote Uingereza wakati huo, na picha ikamtangulia London kabla mwenyewe hajafika. Halafu Venice, mke wa mwakilishi wa Uingereza pale, Lady Wentworth, akamwambia twende, na mwaka 1766 akatua. Baba alimfuata baadaye, wakapanga nyumba Golden Square, chini ndo sehemu ya kupokea wateja.

Kitu ambacho watu hawakioni hapa ni kwamba hakwenda mikono mitupu. Kabla ya London alikuwa tayari mwanachama wa akademi za Bologna na Florence (1762) na San Luca ya Roma (1765). Alijua nchi ya watu hawakujui, lazima uje na vyeti.

Ilikuwaje hao waanzilishi wakachorwa pamoja na yeye hayumo?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na ndo linaloniuma kuliko yote.

Mwaka 1771 hadi 1772 Johan Zoffany alichora waanzilishi wa Akademi wamekusanyika kwenye chumba cha mafunzo. Wanaume wamejaa, wanaongea, Joshua Reynolds ambaye ndo rais yuko pale na kifaa chake cha kusikilizia sikioni, na upande wa kulia kuna modeli wa kiume amevua nguo anapangwa akae vipi. Kwa heshima za wakati huo mwanamke hawezi kuwepo kwenye chumba chenye mwanamume aliye uchi. Kwahiyo Angelica na Mary Moser walichorwa kama potreti 2 zimetundikwa ukutani, juu kulia, sura zenyewe hazisomeki vizuri. Wenzao wana miili, wao ni fremu.

Na haikuwa picha tu. Kuchora mwili wa mtu uchi ndo lilikuwa somo kuu la pale, bila hilo huwezi kuchora vita wala mashujaa wa kale, na wao mlango ule ulifungwa ingawa saini zao zilikuwa kwenye karatasi ya kuanzisha chombo. Baada yao hakuna mwanamke aliyepewa uanachama kamili mpaka Laura Knight, 1936. Hesabu mwenyewe, ni miaka 168.

Sasa wanaume alijifunza kuwachora vipi?

Kwa sanamu. Sanamu za marumaru za Roma, nakala za plasta, na picha zilizochapwa. Baadaye uvumi ukasambaa kwamba alimweka modeli uchi nyumbani, na modeli mmoja alipoulizwa akiwa mzee akasema alikuwa anafunua mikono, mabega na miguu tu, na baba yake Angelica alikuwepo muda wote chumbani. Hebu fikiria, mtu yuko kazini na bado inahitajika shahidi wa mlangoni.

Ukitaka kuona alivyojibu, ruka kwenye swali la dari.

Yule mume tapeli ni stori ya kweli?

Kweli kabisa, kwa masikitiko. Mwaka 1767 alifunga ndoa ya siri na mtu aliyejiita Count de Horn kutoka Sweden (Count ni cheo cha ukabaila), mavazi mazuri, maneno mazuri, na mwaka uliofuata ikajulikana cheo ni cha uongo. Wakatengana, yule jamaa akaondoka na hela. Angelica alikuwa Mkatoliki kwahiyo asingeweza kuolewa tena wakati yule yuko hai, akasubiri mpaka taarifa za kifo zilipofika kama mwaka 1780. Miaka zaidi ya 12 na jina la mtu mwongo shingoni, na katika hiyo miaka ndo kafanya kazi zake nyingi za London.

Watu hupenda kuisimulia hii kama udhaifu wake. Mimi naona somo liko kwenye ndoa ya pili: Julai 1781 alipoolewa na Antonio Zucchi, mchoraji wa Venice aliyemzidi miaka 15, waliandikiana mkataba kwamba mapato yake yabaki mikononi mwake. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mali ya mke ilikuwa ya mume, kwahiyo ule mkataba ulikuwa ngao.

Na ile skendo ya picha ya Hone?

1775. Mwanaakademi mwenzake Nathaniel Hone alipeleka kwenye maonyesho picha ya mzee mchawi, shabaha ikiwa kumdhihaki Reynolds kwamba anaiba mikao kutoka kwa mabingwa wa zamani, na nyuma kwa mbali akaweka watu uchi wanacheza, mmoja ni mwanamke ambaye watu walisema ni Angelica. Kulikuwa na maneno mtaani kwamba yeye na Reynolds wana lao jambo. Angelica akawaandikia Akademi barua: picha iondoke. Ikaondolewa. Hone akazifuta zile sura kwa kupaka rangi juu na kuweka zingine, ila mchoro wa awali upo makumbusho ya Tate na unaonyesha kilichokuwepo. Ninachopenda ni kwamba hakukaa kulia nyumbani, alitumia uanachama wake kama silaha, na ilifanya kazi.

## Kurudi Italia

Kwanini aliondoka London wakati mambo yalikuwa mazuri?

Baba alikuwa mgonjwa na hali ya hewa ya kule haikumfaa. Waliondoka mara tu baada ya ndoa, na mzee akafia Venice Januari 1782. Ila London haikumwachia: tajiri mmoja wa Kiingereza, George Bowles, aliendelea kumnunulia picha nyingi sana, na yeye aliendelea kutuma kazi kwenye maonyesho ya Akademi.

Roma alikaa Via Sistina, nyumba iliyokuwa ya mchoraji Anton Raphael Mengs, na kila mgeni mwenye jina akipita Roma lazima apite pale. Mfalme wa Naples alitaka amwajiri kama mchoraji wa ikulu, akakataa, akachora familia yao nzima kama oda na kuondoka. Kuwa huru aliona bora kuliko mshahara. Zucchi akawa anaandika daftari la kila picha iliyotoka, nani kanunua na kwa bei gani, na bila lile daftari leo tungekuwa tunabahatisha.

Uhusiano wake na Goethe ulikuwaje?

Urafiki. Goethe, yule mwandishi mkubwa wa Kijerumani, alikuwa Roma kati ya 1786 na 1788, wakazunguka kuangalia picha pamoja, akamsomea kazi zake. Angelica alimchora 1787 na Goethe hakuridhika, kwa kifupi alisema ni kijana mtanashati lakini sio yeye. Goethe pia aliandika kwa masikitiko kwamba Angelica amechoka kuchora kwa ajili ya kuuza, na mumewe anafurahia hela zinazoingia. Hapo pana ukweli mchungu, mikono imechoka na oda haziishi.

Alikuwa na watoto?

Hapana.

Mazishi yake yalikuwa makubwa kiasi gani?

Yaliandaliwa na mchongaji Antonio Canova, kwa mfano wa mazishi ya Raphael, yule bingwa wa uchoraji wa zamani wa Italia, na nyuma ya jeneza zilibebwa picha zake 2. Mwaka uliofuata sanamu ya kichwa chake ikawekwa Pantheon, lile hekalu la kale la Roma. Kaburi liko kanisa la Sant'Andrea delle Fratte, pamoja na Zucchi aliyetangulia 1795.

## Kuhusu kazi zenyewe

Nianze na picha gani?

Baada ya ile ya Nostell, anza na Cornelia, ya 1785 hivi, iko Virginia, Marekani. Kisa ni cha Kirumi: mgeni kamtembelea Cornelia anamwonyesha vito vyake, kisha anataka aone na vya mwenyeji, na Cornelia anaonyesha watoto wake wa kiume, hivi ndo vito vyangu. Hao vijana ndo wale Gracchi waliokuja kupigania ardhi kwa ajili ya wanyonge. Watu huishia kwenye funzo. Wewe tazama binti mdogo, Sempronia, amemshika mama mkono huku vidole vyake vinachezea mkufu wa mgeni. Mtoto ni mtoto, dhahabu inang'aa. Hicho kidole ndo kinaifanya picha isiwe mahubiri.

Ile michoro ya darini inahusu nini?

Ni 4, umbo la yai, alizichora kati ya 1778 na 1780 kwa ajili ya ukumbi wa Akademi pale Somerset House, na sasa ziko darini mwa ukumbi wa kuingilia Burlington House, jengo la Akademi la leo. Zinaonyesha sehemu 4 za sanaa: Ubunifu, Mpangilio, Uchoraji wa mistari na Rangi. Zote ni wanawake, na wapo kazini. Rangi ananyoosha brashi juu achovye kwenye upinde wa mvua, na miguuni kwake kuna kinyonga. Yule wa mistari amekaa anachora kiwiliwili maarufu cha marumaru cha Vatican kisicho na kichwa wala mikono. Kumbuka nilichosema kuhusu modeli. Alichoruhusiwa ni jiwe, akamchora mwanamke anachora jiwe, akaliweka juu ya vichwa vya wale waliomfungia mlango, kila siku wanapita chini yake.

Kwanini wanaume kwenye picha zake wanafanana na wanawake?

Lawama hii ya tangu enzi zake, na sitaikataa yote. Mashujaa wake ni laini, Hector anaaga mkewe Andromache na mabega yake ni ya kijana ambaye hajawahi kubeba ngao. Sehemu ni ule mlango uliofungwa. Ila sehemu ni chaguo: yeye hakutaka wakati wa kuchinjana, alitaka dakika ya kabla au ya baada, mtu anapoaga, anaposubiri, anapopokea habari. Linganisha na wachoraji wa kiume wa neoklasiki waliojaza mapanga. Mimi nakubali kwamba misuli ilimshinda, sikubali kwamba hisia zilimshinda.

Alitajirika kwa potreti tu?

Hapana, chapa zilisaidia sana. Mafundi kama Francesco Bartolozzi na William Wynne Ryland walichonga picha zake kwenye bamba la shaba kwa mbinu ya vidoti, zikachapwa nyingi, kisha zikaingia kwenye vikombe, feni za mkononi, samani. Mtu asiyeweza kununua turubai alinunua chapa. (Huyo Ryland alinyongwa 1783 kwa kughushi hati, masikini.)

## Maswali ya pembeni

Nina sahani imeandikwa jina lake, ni mali?

Naelewa matumaini, ila hapana, yeye hakuishika. Viwanda vya Ulaya, hasa Austria na Ujerumani, viliendelea kuchapa picha zake kwenye sahani na vikombe miaka mingi baada ya kifo chake, mpaka karne ya 20, jina likiwa limechapwa pamoja na picha. Chukua kioo cha kukuzia: ukiona vidoti vidogo vilivyopangika, hiyo ni chapa. Itunze kwa uzuri wake.

Na dari za nyumba za zamani za Uingereza zinazotajwa kuwa zake?

Nyingi ni za Zucchi, aliyefanya kazi na mbunifu wa majengo Robert Adam, au za mafundi walionakili chapa. Waongoza wageni hupenda kutaja jina kubwa. Zenye uhakika zaidi ni zile 4 za Akademi nilizozitaja juu.

Ni kweli sura yake iliwahi kuwa kwenye hela?

Ndiyo, noti ya shilingi 100 ya Austria, toleo la 1969.

Naweza kuziona wapi kwa pamoja?

Akademi ya Kifalme ilimfanyia maonyesho Machi hadi Juni 2024, yale ya 2020 yalikwama kwa korona. Siku za kawaida kazi zimetawanyika: London, jumba la Saltram huko huko Uingereza, Uffizi ya Florence, Weimar, Naples. Ila ukipata nafasi ya sehemu moja tu, nenda Schwarzenberg. Kuna makumbusho yake, na lile kanisa la kijiji. Ukutani utawaona mitume aliowachora akiwa binti wa miaka 16 na baba pembeni, na kwenye altare kuu kuna Maria anavikwa taji, picha aliyoituma mwenyewe kutoka Roma mwaka 1802, ameshakuwa mjane wa miaka 60 na zaidi, maarufu Ulaya nzima. Kutoka kwa mitume mpaka altare ni hatua chache tu.